Orka Mbele ya Maskati: Mnyama Aliyepita Bila Kuandikwa

Mwaka 300 wa Hijra, yaani 912 au 913 kwa kalenda ya Miladi, maji yalikupwa kwenye pwani ya Omani yakamwacha nyangumi mchangani. Ahmad bin Hilal, amiri wa nchi zama hizo, alitoka juu ya farasi pamoja na askari wake kwenda kumtazama. Inasimuliwa kwamba mpanda farasi aliingia kwa upande mmoja wa utaya akatokea upande wa pili bila kuinamisha kichwa. Wakampima, wakapata dhiraa zaidi ya 200. Mafuta ya machoni peke yake, wasema wenye kusimulia, yaliuzwa kwa dirham 10,000.

Kisa hiki kimo katika Ajaib al-Hind, mkusanyo wa simulizi za mabaharia unaohusishwa na nahodha Buzurg bin Shahriyar wa karne ya 10. Dhiraa 200 zinakaribia mita 100, ilhali nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote waliopata kuishi duniani, akifika mita 30 amekuwa wa kutajika. Chumvi ilitiwa, na si kidogo. Lakini amiri mwenyewe hakubuniwa, na tutamkuta tena sasa hivi mahali pengine, kwa mtu aliyekuwa mwangalifu zaidi.

Maskati siku hizo haikuwa mji wa kutajwa sana. Mji mkuu wa biashara ulikuwa Sohar. Maskati ilijulikana kwa kisima chake: jahazi zilizotoka Siraf, bandari ya Uajemi, zilitia nanga hapo kuchota maji matamu, kisha zikaelekea India. Mabaharia waliokuwa wakisubiri zamu ya maji walikuwa na la kuzungumza, na moja ya mazungumzo hayo lilikuwa nyangumi.

Mtu mwangalifu niliyemtaja ni Ali al-Masudi, mwanahistoria mzaliwa wa Baghdad. Mwaka 304 wa Hijra (916 au 917) alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wataalamu wengi wanakiona kuwa ndicho Pemba ya leo, hadi Omani. Chombo kilikuwa mali ya ndugu wawili wa Siraf, ambao baadaye walizama na kufia katika bahari hiyo hiyo. Amiri wa Omani aliyemkuta alikuwa Ahmad bin Hilal, yule yule wa nyangumi wa mchangani. Masudi alikuwa ameshavuka bahari nyingi, na anasema hakuona yenye hatari kuliko bahari ya Zanj, yaani ya pwani ya Afrika Mashariki. Anaeleza samaki wakubwa wa huko, ambao urefu wao anautaja kwa mamia ya dhiraa, wanaoinua vichwa na kupuliza maji juu, na jinsi mabaharia walivyopiga ngoma na mbao ili kuwafukuza.

Kisha analeta jambo ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Anasema nyangumi anapozidi kuwaonea samaki wengine, Mungu humpelekea samaki mdogo wa kama dhiraa moja, aitwaye al-lashk. Huyu humganda mwilini, na nyangumi hana hila naye. Hupiga mbizi hadi chini, akajigonga na kujigonga mpaka afe, kisha huelea juu kama mlima. Habari hii ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla yake, katika kitabu cha habari za China na India cha mwaka 851. Huenda asili yake ni chazo, samaki anayejibandika kwa nyangumi na papa bila kuwadhuru. Vyovyote iwavyo, wazee walijua kwamba hata mnyama mkubwa kama huyo lazima awe na adui wake. Walichokosea ni kumtambua adui mwenyewe, kwa maana walimpa ukubwa wa dhiraa moja.

Adui halisi ana urefu wa mita 6 hadi 9. Ni mweusi mgongoni na mweupe tumboni, ana baka jeupe nyuma ya jicho na doa la kijivu nyuma ya pezi la mgongoni. Dume aliyekomaa ana pezi linalosimama wima kufikia mita 1.8, kimo cha mtu mrefu. Huyu ndiye orka, ambaye wengi humwita nyangumi muuaji, ingawa kwa ukoo ni pomboo, tena ndiye mkubwa wa pomboo wote. Mnyama wa sura hiyo hawezi kufananishwa na mwingine. Hata hivyo katika kisa cha Buzurg hayumo, wala kwa Masudi.

Hayumo pia katika habari ya zamani zaidi. Mwaka 325 kabla ya Miladi, Nearchus, jemadari wa majeshi ya majini wa Iskandari wa Makedonia, alikuwa akirudisha merikebu kutoka mto Indus kufuata pwani ya Makran, ng'ambo ya Omani. Asubuhi moja wapiga makasia waliona maji yakirushwa juu kama kwa tufani, wakaachia makasia kwa hofu. Nearchus akaamuru merikebu zipangwe kama za vita, watu wapige kelele na matarumbeta yalie. Nyangumi wakazama, wakaibuka nyuma. Watu wa pwani ile, ambao chakula chao kilikuwa samaki, walijenga nyumba kwa mifupa ya nyangumi: mbavu zikawa nguzo na boriti, taya zikawa milango. Baada ya siku kadhaa merikebu zile ziliiona ncha ya Musandam ikijitokeza upande wa Arabuni, zikaingia Ghuba.

Kwa nini nyangumi ni wengi hivi katika maji haya? Jibu analo kila aliyewahi kungoja pepo. Kusi inapovuma kuanzia Juni hadi Septemba, ile ambayo watu wa Dhofar wanaiita kharif, upepo huyasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Omani, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake, yakileta rutuba. Dagaa huzaana kwa wingi usiosemeka, na nyuma ya dagaa huja jodari, papa, pomboo na nyangumi. Upepo uliozirudisha jahazi kutoka Zanj ndio huo huo unaowalisha nyangumi. Mbele ya Maskati kuna jambo jingine la kuongezea: vilindi viko karibu na nchi kavu, kiasi kwamba wanyama wa bahari kuu hupita mahali ambapo mtu wa mashua ndogo anaweza kuwafikia asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri.

Kwa karne nyingi walichotaka wafanyabiashara kwa nyangumi ni ambari. Masudi aliisifu ile ya Zanj na ya Shihr, pwani ya Hadhramaut. Alisikia kwamba nyangumi huimeza baharini, ikamuua. Ukweli ni kwamba ambari hutengenezwa ndani ya utumbo wa nyangumi mwenye kichwa kama sanduku, kuzunguka midomo migumu ya ngisi anaowala. Nitamwita hapa nyangumi wa ambari. Haikuhitaji kuvua: bahari ilileta, mtu akaokota, na mwenye bahati akajenga.

Mambo yakabadilika walipokuja Wamarekani. Tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts na Sayyid Said bin Sultan walitia saini hapa Maskati mkataba wa urafiki na biashara, na mwaka 1837 Richard Waters alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Kilichowavuta ni pembe, sandarusi, na soko la marekani, ile nguo ambayo hadi leo ina jina lao. Lakini meli zao za kuvulia nyangumi nazo zilikuwa zikizunguka Bahari ya Hindi, zikawa zinatia nanga Unguja kupata maji, matunda na mabaharia. Kijana mmoja aliyekuja kwa meli ya namna hiyo, J. Ross Browne, alichapisha mwaka 1846 kitabu kuhusu safari yake na siku alizokaa Unguja, na maisha ya mabaharia wale anayaeleza kwa uchungu. Pwani ya Arabuni yenyewe ilikuwa moja ya viwanja vyao vya kumwinda nyangumi wa ambari.

Wavuvi wale wa chusa walimjua orka vizuri kuliko mwanachuoni yeyote wa zama zao. Walimwona akimfuata nyangumi kwa makundi, akimzuia kupumua, akimla ulimi kwanza. Jina la muuaji limetoka kwao, na sikuzote nimeona ni neno zito kwa mtu mwenye chusa mkononi kumpa mwingine.

Uzito wa neno hilo ulionekana karne moja baadaye. Mwanzo wa miaka ya 1960, meli za kiwanda za Kisovieti, Slava na Sovetskaya Ukraina, zikitokea bandari ya Odessa, zilianza kupitia Bahari ya Arabuni zikienda kuvua Antaktika. Meli za kiwanda hazikuruhusiwa na kanuni za kimataifa kuvua nyangumi wa buluu wala nyangumi nundu huku kaskazini. Zilivua hata hivyo, na hesabu zikafichwa. Kati ya mwaka 1963 na 1967 waliuawa nyangumi wa buluu 1,294, nyangumi wa ambari 954, nyangumi nundu 242 na wengine wa aina ya Bryde 149. Katika wale 242, 238 waliuawa mwezi mmoja tu, Novemba 1966, katika maji ya Omani, Pakistani na kaskazini-magharibi ya India.

Maskati ya Sultani Said bin Taimur haikujua. Mji ulikuwa ukifunga malango usiku, na Waomani wa Unguja, waliotawanyika baada ya mapinduzi ya 1964, walikuwa bado hawajaanza kurudi huku kwa wingi, jambo lililokuja baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Siri ilifichuka pale Yuri Mikhalev, mwanabiolojia wa Odessa aliyewahi kuwamo melini akiwapima waliouawa, alipochapisha takwimu zake za kweli mwaka 1997. Katika takwimu hizo kulikuwa na jambo la ajabu. Ukubwa wa vijusi vilivyokutwa matumboni ulionyesha kwamba nyangumi nundu wa Arabuni wanazaa kwa majira ya kaskazini ya dunia, wakati wale wanaopita Unguja na Kenya kati ya Julai na Oktoba wanatoka Antaktika na kufuata majira ya kusini. Baadaye uchunguzi wa nasaba ulithibitisha: hawa wa Arabuni wamejitenga kwa takriban miaka 70,000. Hawahami kwenda kwenye barafu. Kusi huwaletea chakula mlangoni.

Wangapi wamebaki? Timu iliyopiga picha mikia yao Omani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiria 82. Tangu 2008 wamo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Jike mmoja, aliyepewa jina la Luban kwa sababu alama ya mkiani mwake inafanana na mti wa ubani, aliwekwa kifaa cha setilaiti mwishoni mwa 2017, akavuka bahari nzima hadi kusini mwa India. Ilikuwa mara ya kwanza safari hiyo kushuhudiwa kwa nyangumi wa aina yake.

Orka naye alikuwa na mashahidi wabaya zaidi. Huko Kanada, mwaka 1961, idara ya uvuvi ilisimika bunduki ya rasharasha kwenye mlango-bahari wa Seymour ili kuwapunguza, kwa kuwa walidhaniwa kumaliza samaki, ingawa haikupata kufyatuliwa. Mwaka 1964 makumbusho ya viumbe hai wa baharini ya Vancouver yalituma watu wamuue orka mmoja wapate kuchonga sanamu yake. Chusa ilimpata, hakufa. Akavutwa hadi bandarini akiwa hai, akaishi miezi michache, na watu wakashangaa kuona mnyama mpole. Ikafuata biashara ya kuwakamata watoto wao kwa ajili ya mabwawa ya maonyesho, na makumi wakachukuliwa.

Aliyegeuza mambo ni Michael Bigg, mtafiti wa serikali ya Kanada. Alipoombwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuwahesabu, aligundua kwamba kila orka anatambulika kwa pezi na doa lake la kijivu: huyu ana pengo, yule ana mkwaruzo. Picha ya ubavuni ikatosha kuwa cheti. Idadi yao ilikuwa mamia tu, si maelfu kama watu walivyodhani. Na kwa kuwa sasa kila mmoja alijulikana, mwaka baada ya mwaka, ukoo nao ukajulikana.

Kilichoonekana hakikutarajiwa. Katika makundi yanayokula samaki huko Kanada, mtoto haondoki kwa mama yake, awe jike au dume. Dume mwenye tani 6 huogelea ubavuni mwa mama mpaka uzeeni. Kujamiiana hufanywa na orka wa kundi jingine, kisha kila mmoja hurudi kwao. Jike huacha kuzaa anapokaribia miaka 40 lakini anaweza kuishi hadi 80 na zaidi, jambo nadra mno kwa wanyama, na miaka hiyo ya mwisho haiendi bure. Samaki wanapokuwa haba, bibi ndiye anayetangulia. Utafiti wa 2012 ulionyesha kwamba dume aliyepita miaka 30, akifiwa na mama, hatari ya yeye kufa ndani ya mwaka unaofuata huongezeka mara 14. Mwaka 2018 jike mmoja wa pwani hiyo alibeba maiti ya mtoto wake kwa siku 17.

Wana milio yao pia. John Ford, aliyewarekodi kwa miaka mingi, alionyesha kwamba kila kundi lina lahaja yake, anayoirithi mtoto kwa kusikia. Mtu wa Unguja akimsikia mtu wa Pemba au wa Mombasa hahitaji kuambiwa. Nao ni vivyo hivyo. Ila wapo orka wengine katika maji yale yale ambao hawali samaki kabisa. Wao huwinda sili, pomboo na nyangumi. Hutembea kwa vikundi vidogo, mara nyingi mama na wanawe wachache, na wakiwa mawindoni hunyamaza kimya, kwa maana windo lao lina masikio. Makundi haya mawili hayachangamani wala hayaoani, ingawa yanapishana.

Hapo ndipo ninapoona sababu ya mabaharia wetu kutomwandika. Walikuwa na njia moja ya kukabiliana na wanyama wa baharini: matarumbeta ya Nearchus, ngoma na mbao za Masudi. Nyangumi alijitangaza kwa pumzi yake, akajibiwa kwa makelele. Mwindaji wa kundi dogo, anayepita kimya, leo yuko hapa na kesho mamia ya kilomita mbali, hakuwa na sababu ya kungoja chombo chenye ngoma. Hii ni rai yangu, wala siidai kuwa zaidi ya hapo, lakini inapatana na jinsi tunavyowaona sasa.

Maana tunawaona, kwa nadra. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi, na Omani ikajiunga na tume hiyo mwaka uliofuata. Makumbusho ya Historia ya Asili ya Maskati yana ukumbi mzima wa nyangumi, wenye mifupa ya nyangumi wa ambari aliyekufa kwenye pwani hii, na watoto wa shule hupita chini yake. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti, akiwamo Robert Baldwin, walianza kuandikisha kila mnyama aliyeonekana, na Jumuiya ya Mazingira ya Omani iliyoundwa mwaka 2004 ikaibeba kazi hiyo. Anayekwenda na mashua za watalii kutoka Maskati hukuta zaidi pomboo warukao wakizunguka hewani, mara nyingi wakiwa na jodari chini yao, jambo ambalo wavuvi wanalijua na kulitumia. Orka ni zawadi ya mara chache, na simu za mkononi zimeanza kuwapata. Watamu nchini Kenya pia wamewahi kuonekana.

Kazi kubwa ya kuwaunganisha imefanyika Sri Lanka, ambako Georgina Gemmell na wenzake walianza kukusanya picha za mapezi kutoka kwa wavuvi, watalii na waongoza mashua. Mwaka 2015 walichapisha habari za orka wa huko wakiwashambulia nyangumi, wakiwamo wale wa ambari. Na katika kulinganisha picha walikuta orka waliopigwa picha Sri Lanka wakiwa ndio wale wale waliowahi kupigwa picha Abu Dhabi.

Tazama ramani. Ghuba ina mlango mmoja tu, nao ni Hormuz. Anayetoka Abu Dhabi kwenda Sri Lanka hana njia nyingine: atapita Musandam, atashuka Bahari ya Omani, ataelekea mashariki. Ni njia ile ile ya jahazi za Siraf zilizokuja kuchota maji Maskati, kisha zikakata bahari kwenda India. Orka wale waliipita, wala sijasikia mtu wa Omani aliyepata picha yao njiani.

Njia hiyo leo ina hatari ambazo al-lashk hakuwa nazo. Meli za mafuta hupita Hormuz usiku na mchana, na mnyama anayeishi kwa kusikia anaishi ndani ya mngurumo huo. Jarife ni janga jingine: kati ya nyangumi nundu waliochunguzwa Omani, asilimia 30 hadi 40 walikuwa na makovu ya kunaswa nyavuni. Kwa upande mwingine, hakuna kumbukumbu ya kuaminika ya orka wa porini kumuua mtu, popote duniani. Mwenye mashua akikutana naye ana la kufanya.

Ukiwaona mbele ya Maskati, Sur au Masira, au kwenye pwani ya Unguja na Pemba, punguza mwendo, usikate mbele yao wala usiingie katikati ya kundi. Piga picha kutoka ubavuni, hasa upande wa kushoto, pezi na doa la kijivu vionekane vizuri. Andika tarehe, saa na mahali. Picha ya Omani ipeleke Jumuiya ya Mazingira ya Omani, na ya kwingine kwa watafiti wa nyangumi walio karibu nawe, badala ya kuiacha ipotee katika makundi ya simu.